Ritifaa Mbili za King'ang'a

"Shangazi, hii ni herufi au si herufi?"

Nilikuwa na miaka minane. Kazi ya nyumbani ilitutaka tuhesabu herufi za maneno kumi, na neno la saba lilikuwa ng'ombe. Nilifika kwenye ile alama ndogo iliyokaa juu baada ya g, nikakwama. Ukiihesabu, ng'ombe ana herufi saba. Usipoihesabu, ana sita. Shangazi alikuwa anachapa barua ya mtu, macho kwenye karatasi ya mkono, vidole vinajiendea vyenyewe.

"Andika sita na nusu," alisema.

Nikaandika sita na nusu. Mwalimu akanikata, na pembeni akauliza kwa wino mwekundu: "Nusu ng'ombe?" Darasa likapata la kucheka wiki nzima. Nilimrudishia shangazi lile daftari kama mtu anayerudisha viatu vilivyombana. Akalitazama, akasema ule ulikuwa utani na mimi nimeufanya jibu. Jibu lenyewe hana. Kazi yake ni kuchapa, kuhesabu ni kazi ya walimu.

Shangazi yangu ni dada mkubwa wa baba. Mtaani wanamwita Bi Ritifaa, na wengi wanaomwita hivyo hawajui ritifaa ni nini. Kuna mteja mmoja aliyedhani ni jina la marehemu mume wake. Ritifaa ndiyo hiyo alama yenyewe, ule mkato mdogo unaotenganisha ng'oa na ngoa. Jina alipewa na daktari wa meno wa upande wa pili wa barabara. Daktari alikuwa amechorewa kibao kipya, herufi za buluu, kubwa, zinasomeka toka kituoni: TUNANGOA MENO BILA MAUMIVU. Shangazi alivuka barabara asubuhi hiyo hiyo na kanga mabegani, hata chumba chake hajafungua.

"Daktari, shikamoo ya kazi. Kibao chako kinakutukana."

"Kinanitukanaje, mama?"

"Ngoa ni tamaa. Umeandika una tamaa na meno ya watu, tena bila maumivu."

Daktari alitoka nje, akakisoma kibao chake kana kwamba ni cha mtu mwingine. Siku ya pili yake ritifaa ilikuwa imeongezwa kwa rangi isiyolingana, na tangu hapo kila akimwona shangazi anapita anapaza sauti: "Bi Ritifaa, leo nina tamaa na nini?" Jina likaganda.

Chumba chake cha kazi kinatazamana na ofisi ya usajili. Kina meza moja, kompyuta moja, mashine ya kudurufu inayopasha chumba joto kuliko jua la nje, benchi la wateja lenye mguu uliotiwa karatasi zilizokunjwa, na kalenda ya miaka mitatu nyuma ambayo haiondoi kwa sababu inaficha ufa. Juu ya kabati kuna taipureta iliyofunikwa kitambaa cha mto. Hiyo ndiyo aliyoanza nayo.

Alijifunza kuchapa akiwa na miaka kumi na tisa. Chuoni kwao vibonyezo vilifunikwa kwa kisanduku cha mbao. Unaingiza mikono chini yake, huoni kitu, na mwalimu anatembea na rula. Ukikosea anagonga kisanduku, si mkono, lakini shangazi anasema mlio wenyewe ulikuwa unauma. Alipohitimu aliajiriwa katika ukumbi wa wachapaji kumi na wanne, wote wanawake, wote wakichapa kwa pamoja mpaka ukimuuliza mwenzako kitu lazima usubiri afike mwisho wa mstari. Taipureta zao hazikuwa na namba moja. Walikuwa wanachapa l ndogo, ile ya "lala", na kila msomaji aliisoma moja bila kuuliza. Sufuri walichapa O. Mkono wake haujasahau. Mpaka leo akiwa na haraka, mwaka anauchapa kwa herufi, halafu kompyuta inagoma kujumlisha, na yeye anailaumu kwamba haina akili ya kawaida ya mtu.

Siku kompyuta zilipoingia ule ukumbi, wachapaji kumi wakaambiwa wachukue vitu vyao. Yeye alikuwa wa saba kuambiwa. Akaondoka na taipureta yake, kwa ruhusa, kwa sababu hakuna aliyeitaka. Mume wake alikuwa hai bado, na ndiye aliyempata mwenye nyumba aliyempangisha chumba hiki. Mume huyo alifariki mtoto wao akiwa darasa la pili.

Huyo mtoto ndiye ninayemwita Dada, ingawa ni binamu. Jina lake la ukoo ni King'ang'a. Hilo nalo lina historia yake: babu yake mzaa baba aling'ang'ania kitu fulani, familia haikubaliani ni shamba au ni mke, watu wakamwita King'ang'anizi, na karani mmoja zamani alipofika katikati ya neno akaona nafasi kwenye kitabu imekwisha. Akaacha hapo. Ukoo mzima umezaliwa kwenye ukingo wa karatasi. Ritifaa zake lakini zilibaki, zote mbili.

Sasa, shangazi alikuwa na donda moja na taipureta. Ritifaa yake ilikuwa wima, kama msumari mdogo. Kwenye vitabu alikuwa anaona nyingine, iliyopinda, yenye kichwa kinene na mkia, kama mkato uliopanda juu kupunga hewa. Hiyo ndiyo aliyoihesabu kuwa ritifaa ya kweli, ya watu waliosoma. Basi alipopata kompyuta, neno la kwanza alilomwambia fundi halikuwa kuhusu mtandao wala virusi.

"Nataka kila nikibonyeza hii, inipe ile yenye mkia."

Fundi huyo ana kibanda ukuta kwa ukuta na chumba chake. Watu wanamwita Waya, kwa sababu hujawahi kumwona bila waya mmoja shingoni, kama daktari na kile chombo chake cha kusikilizia mapigo. Akamwekea. Kwa miaka tisa shangazi akachapa barua, wasia, kadi za mwaliko, na kila mwaka orodha ya watahiniwa wa shule ya sekondari ya pale juu, zote kwa ritifaa yenye mkia. Shule ilikuwa inamletea majina kwa mkono, yeye anayachapa, anayasoma mara mbili kwa sauti, anayatia kwenye flashi, shule inayapeleka ofisi ya mitihani. Katika miaka minane ya kwanza ofisi ilikuwa inachapisha kwenye karatasi na kuingiza upya majina kwa mkono. Mwaka wa tisa ikaanza kuyameza moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Mwaka huo Dada alikuwa mtahiniwa.

Dada alifaulu. Alikuwa anataka uuguzi tangu baba yake alipolazwa, na hakuwa na la pili, ukimuuliza akikosa uuguzi atasoma nini, anakujibu "nitakosa tena." Chuo cha uuguzi kilikuwa kinapokea maombi kwa mtandao mpaka Ijumaa saa kumi jioni. Jumatatu Dada alikaa kwenye benchi la wateja na simu yake, akajaza namba ya mtihani, akajaza jina. Ukurasa ukamjibu kwa maandishi mekundu: Jina halilingani na kumbukumbu.

Akajaza tena. Likakataa tena.

"Mtandao," alisema Dada.

"Mtandao haujui hata unaitwa nani," alisema shangazi. "Utakukosea vipi?"

Dada akaenda shuleni kutazama karatasi ya matokeo iliyobandikwa ubaoni, akarudi na picha kwenye simu. Jina lake lilikuwa limeandikwa hivi: Kingâ€™angâ€™a.

Tulilitazama kwa zamu. Mimi nililiona zuri kidogo, lakini sikusema.

"Nina kofia mbili na yuro mbili," alisema Dada. "Baba hakuniachia hata moja."

Shangazi hakucheka. Alifungua faili lake la mwaka ule, akashuka na orodha mpaka akalifikia. Pale kwenye skrini yake King'ang'a lilikuwa limekaa safi, ritifaa zimepinda kama inavyotakiwa. Akageuza skrini ili wote tuone.

"Kwangu limenyooka. Muulizeni aliyelibeba njiani kalifanya nini." Halafu akapiga ukuta mara tatu kwa kiganja. Ndivyo anavyomwita Waya.

Waya alikuja na waya wake, akatazama simu, akatazama skrini, akavuta benchi.

Nitajaribu kueleza alichosema kama nilivyokielewa, maana nilimsumbua kwa maswali siku tatu baadaye. Kompyuta haina herufi. Ina namba tu. Watu wamekaa wakakubaliana kila herufi ya dunia ipewe namba yake: A kubwa ni 65, a ndogo ni 97, na namba zinaendelea mpaka wale wanaoandika kutoka kulia, wale wenye maelfu ya maumbo, na lugha ambazo wasemaji wake hawajazi hata mtaa. Wote wamo katika orodha moja ndefu. Nilimuuliza Waya nani aliamua nani awe wa kwanza. Akasema aliyefika mapema, kama kwenye foleni yoyote.

"Sasa Bi Ritifaa," alisema, "wewe unaona ritifaa moja. Kompyuta inaziona nyingi. Ule msumari wako wa zamani ni 39. Hii yako yenye mkia ni 8217. Iliyopinda kwa upande wa pili ni 8216. Kuna moja imejificha kwenye kona ya kibodi, inalala chali, hiyo ni 96. Na ipo nyingine, 700, imefanana na yako kama pacha, wala hakuna anayeitumia."

"Zote ni ritifaa?"

"Kwa macho yako. Kwa kompyuta hizo ni watu watano waliovaa shati moja."

"Haya. Na hizi kofia na yuro?"

"Namba ndogo inaenea kwenye kisanduku kimoja. 39 inaenea. 8217 haienei, inagawanywa katika visanduku vitatu. Kompyuta ya ofisi ya mitihani ni ya zamani, au imewekwa kizamani. Yenyewe inajua kisanduku kimoja herufi moja. Imefungua cha kwanza ikaona a yenye kofia. Cha pili, yuro. Cha tatu, hii TM ndogo, alama ya biashara. Ni kama umtajie mtu kwenye simu 'mia mbili na tano', yeye aandike mia, halafu mbili, halafu tano."

Shangazi alikuwa anatazama vidole vyake, si skrini.

"Kwa hiyo ningechapa ule msumari," alisema, "lingefika."

"Lingefika zima."

"Na ni mimi niliyekwambia uniwekee hii."

"Mimi nimeweka tu, mama. Ulisema ile nyingine ina sura ya ujenzi."

Akachukua kalamu, akaipitia orodha nzima kutoka juu. Watahiniwa walikuwa mia mbili na kumi na wanne. Kila alipokuta ng' aliweka nukta. Nukta zilikuwa kumi na moja, na ya Dada ikiwa mojawapo. Wengine wote mia mbili na watatu majina yao yalikuwa hayana ritifaa, na kwa hiyo hakuna aliyesikia kelele yoyote kutoka kwao.

Hapo Waya akapata wazo. Alinakili lile jina lenye takataka kutoka kwenye tovuti ya matokeo, kofia na yuro zote, akalibandika kwenye fomu ya chuo. Ukurasa ukafikiri kidogo. Maandishi yakatoka ya kijani: Jina limelingana. Endelea.

"Haya," alisema Waya. "Bonyeza hapo, umeingia chuo."

Dada alinyoosha kidole.

"Usibonyeze," alisema shangazi.

"Mama, niingie kwanza. Jina nitalifua nikiwa ndani."

"Hutalifua. Utaandikwa hivyo kwenye daftari la chuo, kwenye cheti, kwenye kitambaa cha kifuani. Mgonjwa atakuitaje? Nesi Yuro?"

"Aniite vyovyote, bora nimchome sindano."

"Na hawa kumi?"

"Hawa kumi si watoto wako."

"Wamepita mkononi mwangu kama wewe," alisema shangazi. "Wewe una mama mwenye kompyuta na jirani mwenye waya. Wao sasa hivi wamekaa majumbani wanalaumu mtandao."

Dada alisema maneno ambayo sitayaandika yote. Alisema mama yake anajali nukta kuliko mtu. Alisema kama jina linamuuma hivyo angelichapa vizuri tangu mwanzo. Shangazi alirudi kwenye nukta zake. Dada aliondoka na simu yake, na ukurasa wa kijani ukiwa umefunguliwa bado. Angeweza kubonyeza akiwa barabarani, na hakuna ambaye angemzuia. Sijui kwa nini hakubonyeza. Nilimuuliza baadaye, akasema simu iliisha chaji. Chaji yake niliiona mwenyewe, ilikuwa nusu.

Jumatano shangazi alikwenda kwa mwalimu mkuu wa sekondari. Nilikuwa likizo, nikamfuata, nikakaa kwenye kiti cha wazazi karibu na mlango. Mwalimu mkuu ni mtu wa maneno taratibu, na anampenda shangazi kwa sababu katika miaka tisa hajawahi kumrudishia orodha hata moja. Alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mama, hili ni dogo," alisema. "Tuandike hitilafu ya mtandao. Mtandao hauna mama, hautalia."

"Watakubali?"

"Watachunguza. Watachukua muda wao. Lakini hakuna atakayeumia."

"Chuo kinafunga keshokutwa, mwalimu."

Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya tai. "Nakuandikia barua, nafasi ya sababu naiacha wazi. Utaijaza huko huko. Ila nikwambie ukweli kabla hujaijaza. Ukiandika ni kosa la mchapaji, bodi ya shule itaiona, na mwaka ujao sitakuwa na la kuwaambia. Orodha zitakwenda kwingine."

"Nimekusikia."

"Na watu watasema. Unajua mji huu. Bi Ritifaa, kakosea ritifaa."

"Watakuwa wamepata la kusema," alisema shangazi. "Muda mrefu walikuwa wanarudia la daktari wa meno."

Alhamisi asubuhi tulifika ofisi ya mitihani. Ni jumba la ghorofa mbili, korido ndefu yenye madirisha ya vioo yenye matundu ya kuongelea, na kila dirisha lina karatasi inayokwambia nenda dirisha jingine. Dada alikuja pia. Alikuwa hajazungumza na mama yake tangu Jumatatu zaidi ya "maji yamechemka" na "mlango umefungwa", lakini alikuwa amebeba mwavuli wa mama yake, na jua lilipokuwa linaingia kwenye foleni alikuwa anauelekeza upande wetu bila kututazama.

Karani alikuwa kijana mwenye suti iliyompita mabega. Alisoma barua ya shule, akasoma orodha ya majina kumi na moja, akatikisa kichwa kwa huruma ya kikazi, akapitisha fomu chini ya kioo.

"Jaza hapa, mama. Aina ya kosa. Kuna vyumba viwili, tia alama kimoja."

Shangazi alivaa miwani. Nilisoma pembeni yake. Chumba cha kwanza kilikuwa kimeandikwa HERUFI. Cha pili, ALAMA.

"Tofauti yake nini?" aliuliza.

"Herufi ni kosa la aliyeandika jina," alisema karani. "Yeye mwenyewe anatia sahihi hapa mbele yangu, namwingiza kwenye daftari la makosa, na mimi naandika upya jina leo leo, chuo wanaliona kesho asubuhi. Alama ni hizi nukta, mikato, vistari. Hizo tunahesabu ni za mfumo. Hapo hakuna wa kulaumiwa, fomu inapanda makao makuu. Siku thelathini za kazi."

"Na hii yangu ni ipi?"

Karani aliinua orodha, akaitazama King'ang'a karibu na pua. "Mimi naona alama. Si imekaa juu juu tu hapo? Kwenye A, B, Ch sijaiona." Akasogea kwenye tundu la kioo, akapunguza sauti. "Tena kwako ni bora, mama. Hutajwi popote."

Nyuma yetu foleni ilikuwa imeanza kunong'ona. Mzee mmoja aliuliza kama huko mbele wanafunga ndoa.

Nitasema sasa hivi yaliyofuata, ili nisiwe na la kuongeza baadaye. Majina yote kumi na moja yaliandikwa upya kabla ya saa tisa. Karani alitaka kuyachapa mwenyewe, shangazi akamwomba amsomee kila kibonyezo anachobonyeza, na karani, ambaye mwanzoni aliona ni usumbufu, kufika la nne alikuwa anatangaza "msumari" kwa sauti kama kondakta. Dada alijaza fomu ya chuo Ijumaa asubuhi. Yuko mwaka wa pili sasa, na kwenye kitambaa cha kifuani jina lake lina ritifaa zote mbili, zilizosimama wima. Kati ya wale wengine kumi, wawili walikuja kumshukuru shangazi na mmoja mzazi wake alikuja kumtukana. Saba hawakujua kulikuwa na shida. Orodha za shule zimehamia kwa kijana mwenye printa ya rangi karibu na soko, na mwaka jana tu alimwandika mtahiniwa mmoja mara mbili na mwingine akamsahau kabisa. Shangazi aliposikia aliendelea kupiga chapa wasia wa mtu. Daktari wa meno hamwulizi tena ana tamaa na nini. Alifanya hivyo kwa heshima, lakini nafikiri shangazi alikuwa anapenda kuulizwa.

Kompyuta yake sasa inatoa msumari. Mimi nimeendelea kusoma habari za zile namba. Ile 700, pacha asiyetumiwa, nimegundua ina kazi: waliopanga orodha waliiweka mahali pa herufi, wakati 39 na 8217 wameziweka na nukta na mikato. Kwa hiyo hata wao walikaa mezani wakajiuliza nililouliza nikiwa na miaka minane, na wakajibu kotekote, ndiyo na hapana, kila jibu wakalipatia namba yake. Nilipomwambia Waya, alisema hivyo ndivyo kamati zote zinavyofanya kazi.

Lakini siku ile dirishani sikuwa najua hayo, na shangazi pia hakuwa anajua. Alikuwa na fomu, vyumba viwili, na kalamu ya ofisi iliyofungwa kwa uzi mfupi kiasi kwamba ilimlazimu ainame ili afike kwenye karatasi. Alikaa ameinama hivyo kwa muda. Dada alikuwa ameshusha mwavuli.

"Mama," alisema Dada polepole, "siku thelathini si nyingi. Naweza kuomba mwakani."

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza refu kwa mama yake tangu Jumatatu. Shangazi hakumgeukia yeye. Alinigeukia mimi.

"Wewe," alisema, "uliwahi kuniuliza hii ni herufi au si herufi."

"Ulisema sita na nusu, shangazi."

"Ni herufi," alisema, na kalamu ilikuwa tayari kwenye chumba cha kwanza. "Mimi ndiye niliyeifanya pambo."